Shangazi Lodzia na Kuda ya Paa Jeupe

Jumamosi ile simu iliita saa kumi na mbili na robo asubuhi, na kabla sijaitikia nikasikia funguo zikigongana upande wa pili.

"Halinka, umeamka?"

"Sasa nimeamka, Shangazi."

"Basi vaa. Iko moja Kokomo."

"Kokomo kule Indiana?"

"Unaijua nyingine? Ni mwendo wa saa nne na ushee tu. Mimi nimeshavaa viatu, niko kibarazani."

Ilikuwa Machi, na theluji ya wiki iliyopita ilikuwa bado imelala kando ya barabara, nyeusi kama masizi. Nikamsihi aningojee ndani. Akasema ndani kuna joto, joto linamkalisha, na akikaa mwili wote unamwasha.

Huyo ndiye Shangazi Lodzia, dada wa marehemu baba yangu. Jina lake la kanisani ni Leokadia Gwizdala. Wakati huo alikuwa na miaka sabini na tatu, mfupi, mabega mapana kama ya mwanamume. Leseni yake ya udereva walikuwa wamekataa kuihuisha kwa sababu ya macho, kwa hiyo gari langu likawa gari lake. Mimi ni mpishi wa shule, nina miaka hamsini na mbili na watoto wawili waliokwisha kuoa, lakini kwake mimi ni mtoto wa kutumwa.

Alichokuwa akikitafuta ni Kuda, yaani Barakuda ya Plymouth ya mwaka sabini na moja, yenye paa la turubai la kukunja na injini ile kubwa ambayo watu wa magari huku kwetu huitaja kwa sauti ya kanisani: Hemi. Zilitoka kumi na moja tu. Wengine hubisha kwamba zilikuwa kumi na mbili. Ziliundwa hapa hapa mjini kwetu Hamtramck, katika kiwanda ambacho leo hakina hata tofali moja lililosimama, na zilizobaki zimefungiwa na matajiri kama bibi harusi anayesubiri siku yake. Shangazi hakutaka kuinunua, wala kuiendesha. Alitaka kuiona kwa macho yake na kuigusa.

Ilianzaje? Shangazi aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na tisa. Wakampeleka kwenye mapaa. Turubai lilikuja limekunjwa, yeye na mwenzake wanalitandaza juu ya mbavu za chuma, wanalivuta, wanalipiga pini kwa bunduki ya upepo kuzunguka ukingo, kisha mmoja anaingia kwenye kiti cha dereva kufunga vifungo viwili vya juu ya kioo cha mbele na kuhakikisha paa limekaa. Mwenzake alikuwa Tadek Mroz, mtu mrefu mwenye hasira za karibu. Kwa kuwa Shangazi hutumia mkono wa kushoto, alisimama upande wa kushoto wa gari, na Tadek upande wa kulia.

Siku moja ya Februari mwaka sabini na moja ikaja Kuda ya rangi ya ndimu iliyoiva, na wanaume wakaanza kuacha kazi zao kuja kuchungulia chini ya boneti. Msimamizi alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Shangazi na Tadek wakaivika paa jeupe. Shangazi akaingia kufunga vifungo, na hapo hapo mnyororo wa kusogeza magari ukakwama huko mbele. Akabaki amekaa nyuma ya usukani dakika kumi nzima, hana la kufanya. Tadek akaegemea mlango, akamwambia, "Haya Lodzia, tupeleke Florida." Shangazi alikuwa na miaka ishirini na moja, na katika maisha yake hakuwahi kufika mbali kuliko Toledo, mwendo wa saa moja tu. Aliniambia kwamba katika zile dakika kumi alifika Florida, akavuka, akaenda mpaka mahali asipojua jina lake. Kisha mnyororo ukaanza kwenda, mtu akagonga kioo, Shangazi akashuka.

Mwaka uliofuata akaolewa na Gienek. Gienek alikuwa mtu mwema, msambazaji wa mikate, na alikuwa mtu wa kiti. Akirudi kazini anakaa, na akikaa amekaa. Miaka arobaini na minane ya ndoa walikwenda ziwani mara moja, na siku ya pili Gienek akaomba warudi kwa sababu mto wa kitanda ulikuwa mgumu. Kiwanda kilipofungwa, Shangazi akaingia kwenye duka la mikate la barabara kuu ya hapa kwetu, akakanda unga wa maandazi ya jamu miaka ishirini na sita. Hakulalamika. Lakini mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimwona jioni, mume amekaa mbele ya televisheni, yeye amesimama nyuma ya kiti cha mumewe anaangalia huku akihamia mguu huu, mara mguu ule, kama mtu aliye kwenye foleni.

Gienek alipofariki, ule wasiwasi ukapata uwanja. Alipiga deki saa kumi na moja alfajiri. Alitembea mpaka mwisho wa mji na kurudi, mara tatu kwa siku. Alihamisha kabati la vyombo, akalirudisha. Halafu siku moja televisheni ikaonyesha mnada, na kwenye jukwaa ikapanda Kuda ya paa la kukunja, na watu waliovaa suti wakainuka vitini. Jumapili iliyofuata, kwenye ukumbi wa kanisa, akatangaza mezani kwenye karata kwamba gari kama lile alilivika yeye.

Shemeji yake, Stasiu, mdogo wa Gienek, alikuwa amekaa mbele yake. Stasiu alifanya kazi kiwanda kile kile, upande wa injini, na hajawahi kuacha neno la Shangazi lipite bila kulipiga teke.

"Shemeji, wewe umevika Kuda, sikatai," akasema. "Za injini ndogo. Za makatibu muhtasi. Hemi yenye paa jeupe haikutoka pale."

"Ilitoka. Niliikalia."

"Uliikalia ukiwa usingizini."

"Stasiu, wewe ulikuwa unaona injini tu. Hata mkeo ulimwoa bila kumtazama usoni."

"Na nikashukuru," akasema Stasiu, na meza nzima ikacheka, mkewe akiwa wa kwanza. "Lakini lete ushahidi. Mapaa ya Hemi yalikuwa meusi."

Nilimwonyesha Shangazi picha kwenye simu yangu, za meusi na za meupe. Akaisukuma simu pembeni. "Kwenye picha huwezi kuingiza kidole," akasema. Tangu siku hiyo hatukupumzika.

Basi tukaenda Kokomo. Mwenye gari aliitwa Royce, jamaa mnene mkarimu ambaye alikuwa ametuandalia kahawa na keki gerejini kwake. Kuda yake ilikuwa nyekundu, inang'aa mpaka unajiona meno. Shangazi hakugusa keki. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya kiti cha dereva, pale mbavu za paa zinapoungana na mwili, akainama, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Bwana Royce," akasema bila kuinuka, "hii uliinunua ikiwa hivi?"

"Hivi hivi, mama. Ya asili kabisa."

"Hii ilizaliwa na paa la chuma. Hapa palikuwa na nguzo. Mtu ameikata na kuchomelea."

Royce akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mama, nina karatasi zake zote."

"Karatasi sizijui. Weka mkono wako hapa."

Akaweka. Nilimwona uso ukimshuka taratibu, nikatamani ardhi inifiche. Shangazi akamfuta Royce mafuta mkononi kwa leso yake mwenyewe, akamwambia kwamba aliyechomelea alikuwa fundi mzuri sana, kisha akaniambia twende. Tulikuwa tumekaa pale dakika ishirini, baada ya saa nne na ushee za barabara.

Mwezi wa Mei tukaenda kwenye mnada mmoja mkubwa nje ya Indianapolis. Tulifika tukaambiwa magari ya bei ile hayaonyeshwi ila kwa wenye kadi za wanunuzi. Nikadhani tumemaliza. Nilipogeuka Shangazi hayupo. Nilimkuta baada ya nusu saa akisindikizwa na mlinzi kijana mwenye adabu. Alikuwa amejipenyeza na wapishi, kabeba trei ya sandwichi, na akafika mpaka lori la kusafirishia magari. Mlango wa lori ulikuwa umeshafungwa. Alisema alisikia harufu ya turubai kupitia upenyo. Mlinzi akaniuliza kama bibi yuko sawa. Nikamwambia hajawahi kuwa sawa, ila ni mzima wa afya.

Mwezi wa Julai akapata habari za mzee mmoja tajiri wa kule Grosse Pointe, mwenye jumba la magari nyuma ya nyumba. Akamwandikia barua nne kwa mkono. Hazikujibiwa. Basi mwisho wa mwezi tukaenda getini. Akatoka mtunza nyumba, mwanamke wa makamo, akatuambia kwa upole kwamba mzee haonyeshi magari yake kwa mtu yeyote, hata wanawe hawajaingia humo miaka mitatu. Shangazi akamuuliza kama humo ndani mna yenye paa jeupe. Mwanamke akasema yeye mwenyewe hajui, kazi yake ni mapazia. Shangazi akasimama pale getini akihamia mguu huu, mara ule, jua likituunguza, mpaka mtunza nyumba akarudi ndani na kufunga mlango, na bado hakuondoka.

Siku hiyo ndipo nilipochoka. Njiani kurudi nikamwambia maneno ambayo nikiyakumbuka hunichoma. Nikamwambia, "Shangazi, ni gari. Ni mabati. Wewe uliligusa robo saa ukiwa msichana. Nimepoteza Jumamosi zangu zote, mume wangu ananiuliza kama nimepata bwana Indiana. Kaa nyumbani ule uzee wako kama wenzako."

Tulipofika kwake akateremka, akafunga mlango wa gari taratibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Wiki tisa hakunipigia. Nikampigia mimi, akasema yuko na shughuli. Stasiu akaniambia amemwona kituo cha mabasi na mkoba. Nikaenda nyumbani kwake nikakuta kitasa kimefungwa na maua ya dirishani yamekauka. Nilizunguka mtaa nikiuliza majirani. Jirani wa kushoto akasema alikwenda Ohio kwenye soko la vipuri vya magari ya zamani, jana akarudi, leo ameondoka tena. Peke yake, na macho yale.

Alhamisi ya mwisho wa Septemba akanipigia, nikiwa jikoni shuleni nageuza viazi.

"Halinka, mimi ni mjinga," akasema.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Sikiliza. Nimetafuta magari miaka miwili. Gari mtu anaweza kulificha. Lakini paa linachakaa, si ndiyo? Na akitaka jipya lazima ashonewe. Wanaoshona turubai la Kuda kwa kitambaa chenye sura ile ile ya kiwandani ni wachache, wanahesabika. Nimewapigia wote."

"Wote?"

"Wa saba akanijibu vizuri. Mwanamke, mshonaji, tumeongea saa nzima juu ya sindano. Jina la mteja akakataa kunitajia, na ana haki. Nikamwambia basi mpe yeye namba yangu, mwambie kuna bibi Hamtramck aliyekuwa akizivika Kuda mapaa."

"Halafu?"

"Halafu amepiga sasa hivi. Fundi. Anaitwa Vernon Amstutz, karakana yake iko karibu na Pandora, Ohio. Iko kwake, Halinka. Rangi ya ndimu. Mwenyewe anakuja kuichukua Ijumaa ya wiki ijayo. Fundi kasema tuje Jumatano." Akaongeza, "Kama una nafasi. Usipokuwa nayo kuna basi mpaka Findlay, karibu na huko."

Jumatano nikawaambia shuleni kwamba naumwa jino. Tangu saa moja asubuhi tulikuwa barabarani, na Shangazi alikuwa akigusa mkanda wa kiti, dirisha, mkoba, kifuniko cha chupa ya chai, tena mkanda. Toledo ilipopita akaniuliza kama nadhani yule bwana anaweza kubadili mawazo. Baada ya maili kumi akaniuliza tena. Nikakosa njia mara mbili kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na kila nilipokosa alishika mlango kana kwamba atashuka atembee.

Amstutz alikuwa mwanamume wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa na uzi shingoni, na karakana yake ilikuwa safi kuliko jiko langu. Akatusalimia, akazima redio, akafungua mlango wa ndani.

Mimi si mtu wa magari, lakini nilisimama. Ilikuwa imekaa chini chini, pana, taa nne mbele, ubavuni ina matundu kama mashavu ya samaki, na katikati ya boneti limechomoza pua jeusi la kuvutia hewa. Rangi yake ilikuwa ya ndimu kweli. Na paa, jeupe, limefungwa.

Shangazi alizipita taa, akalipita boneti bila kuligeuzia macho. Alikwenda kwenye kona ya nyuma, ya kushoto, akavua glovu kwa meno, akaingiza kidole gumba chini ya ukingo.

"Nani amelivika hili?"

"Mimi, mama," akasema Amstutz.

"Ni zuri mno. Si letu."

"Samahani?"

"Hii ni kazi ya mtu mwenye muda. Sisi hatukuwa na muda. Hapa," akagonga kona, "panatakiwa kuwa na mkunjo. Upana wa kidole gumba changu. Mwenzangu Tadek alikuwa akivuta kwa nguvu kuliko mimi, kila mara paa likienda kwake, kwangu linabaki limelegea upande wa nyuma. Msimamizi anapiga kelele. Basi mimi nalikunja lililolegea kwa ndani, nalipiga pini mbili za mshazari, nafunika na utepe. Hakuna aliyeona. Miaka miwili niliyafanya yote hivyo."

Amstutz alivua miwani, akaivaa. Akaenda kwenye kabati la chuma, akarudi na faili nene, akalifungua juu ya meza ya kazi, akapekua mpaka kwenye picha alizopiga kabla ya kulivua paa la zamani. Akaweka moja chini ya taa. Kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi ya chai, utepe umebanduliwa, na kwenye kona ya kushoto palikuwa na mkunjo, na juu ya mkunjo pini mbili zimekaa mshazari, zimeshika kutu.

"Nilidhani ni fundi mbovu wa baadaye," Amstutz akasema. "Nikalinyoosha nilipoweka jipya. Nilijisifu."

Shangazi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa picha. "Ni mimi," akasema. Kisha akauliza, "Lenyewe liko wapi?"

Amstutz akatazama sakafu. "Lilikuwa limeoza, mama. Panya walikuwa wamezaa ndani yake. Nililitupa mwaka jana, mwezi wa nane."

Nilidhani atalia. Hakulia. Alivaa glovu yake. "Miaka hamsini na miwili," akasema, "nimechelewa mwaka mmoja." Na akaanza kutembea kulizunguka lile gari, mara ya kwanza, mara ya pili, haraka haraka, mpaka Amstutz akamfungulia mlango wa dereva na kumwambia akae. Akakaa. Akafungua vifungo viwili, akavifunga, kwa mkono ule ule, bila kuviangalia. Amstutz akampa ufunguo, akamwonyesha, injini ikawaka, na lile pua la boneti likaanza kutikisika kulia kushoto lenyewe kama mnyama anayejikung'uta maji. Sauti ile niliihisi kwenye mbavu zangu. Shangazi akaisikiliza kidogo tu, akaizima.

"Asante," akasema. "Halinka, twende."

Tulipokuwa tukivuka mpaka wa jimbo akasema, "Nilidhani nikishaiona nitatulia."

"Na sasa?"

"Afadhali ya jana. Leo mikono ndiyo inayoniwasha."

Nikamwomba msamaha kwa yale maneno ya Julai. Akaniambia niangalie barabara.

Stasiu alipoambiwa Jumapili, alitazama karata zake muda mrefu, akasema, "Mimi siku zote nilijua ni jeupe. Nilitaka tu shemeji apate mazoezi."

Ilipita wiki mbili, Amstutz akapiga. Mwenye gari alikuwa amekuja, ameonyeshwa picha na kusimuliwa. Watu wale wa magari ya thamani, nilikuja kujua, wanataka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani, na kosa lake la kiwandani nalo liwepo. Alikuwa ameliacha gari pale pale. Alitaka paa livuliwe livikwe upya, pamoja na ule mkunjo wa kona.

"Mimi siwezi kuukunja ule mkunjo," Amstutz akasema kwenye simu. "Nimejaribu kwenye kitambaa kingine. Unaonekana wa kuigiza. Anaweza kuja?"

Akaenda, na safari hii Stasiu akajikaribisha, amevaa koti la kiwanda lililokataa kufungika tumboni. Siku hiyo sitaisahau. Shangazi alisimama upande wake, Amstutz upande wa Tadek, mimi na Stasiu tumebanwa ukutani.

"Vuta," Shangazi akaamuru.

Amstutz akavuta.

"Unavuta kama unamvua mtoto soksi. Vuta kama Tadek! Una hasira, jana umeshindwa mchezo wa farasi, mkeo kakutukana!"

"Mimi ni Mmenoniti, mama," akasema Amstutz. "Kwenye kanisa letu hatuchezi kamari."

"Basi mkasirikie mwenye kamari!"

Stasiu alicheka mpaka akashika kiuno. Amstutz akaegemea nyuma, mishipa ya shingo ikamtoka, paa likaenda kwake, na upande wa kushoto kitambaa kikalegea. Mkono wa Shangazi ulikuwa ukitetemeka tangu asubuhi. Nilikuwa nimeuona kwenye kikombe cha chai. Alikusanya lililolegea, akalikunja kwa ndani, akaweka bunduki, na mtetemo ukaisha. Tak, tak. Pini mbili, mshazari. Akaleta utepe juu yake, akaurudisha mkono mfukoni, na nikaona mfuko wa koti ukitikisika.

Paa jipya lazima lijaribiwe na upepo, na mwenye gari alikuwa ameruhusu. Amstutz akamkalisha Shangazi kando yake wakatoka kwenye barabara ya mashambani, nyoofu, haina mtu. Mimi na Stasiu tulibaki uani tumejikunyata kwa baridi, tukaisikia ikienda mpaka ikawa mlio mdogo tu upande wa magharibi, ikapotea. Walikuwa wameahidi dakika tano. Walikaa ishirini na tano. Stasiu akaniambia, "Anampeleka Florida yule." Waliporudi, Amstutz alikuwa mwekundu masikioni, na Shangazi alikuwa amefungua kitambaa cha kichwa.

"Halipigi kelele hata kidogo kwangu," akatuambia. "Upande wa Tadek linapigapiga. Lilikuwa likipigapiga hata zamani."

Hayo ni ya mwaka juzi. Tangu hapo Amstutz amemwita kwa mapaa mengine, si ya Kuda, ya magari mengine ya kiwanda kile, na ana vijana wawili wa kazi anaotaka wafundishwe kuvuta. Mwanzo nilikuwa nampeleka. Kisha akawa anapanda basi mpaka Findlay, kijana mmoja anakuja kumpokea, naye Shangazi anamkaripia njia nzima jinsi anavyoendesha. Mkono unazidi kutetemeka, na kuna siku harudi na furaha. Anarudi amenuna, anasema kitambaa cha siku hizi ni karatasi, anapiga deki usiku kucha. Daktari anamwambia apumzike. Yeye humwuliza daktari apumzike ili iwe nini.

Wiki iliyopita alinipigia kutoka Pandora. Amepanga chumba kwa mjane mmoja huko, mpaka Krismasi, labda zaidi, hajaamua. Alitaka nimpelekee miwani yake ya kusomea na viatu vya theluji, na nimwambie Stasiu kwamba maua ya dirishani sasa ni kazi yake, na kwamba akiyakausha atamjua yeye ni nani. Nikamuuliza anaendeleaje na mwenye nyumba. Akasema ni mwanamke mzuri, ila anapenda kukaa.

"Nimemwambia kesho tunakwenda kuliona ziwa," akasema. "Ameshaanza kulalamika juu ya mto wa kitanda wa huko. Haya, nakata simu, vijana wananisubiri."